Howard na asilimia zenu: barua ya wazi kwa wakuu wa National Football Foundation

Kwenu wakuu wa National Football Foundation,
Irving, Texas.

Yah: Kocha Howard Schnellenberger kunyimwa hata nafasi ya kupigiwa kura ya kuingia ukumbi wenu wa magwiji

Salaam.

Mimi ni kinyozi. Saluni yangu iko upande wa kusini wa jiji la Louisville, Kentucky. Ina viti viwili na benchi moja la kusubiria, na siku za Jumamosi humo ndani Kiswahili husikika kuliko Kiingereza: Wakongo wa Kivu, Warundi, Watanzania wachache, na Mkenya mmoja anayejua kila kitu. Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ubishi huu ulipigwa kwa Kiswahili. Sisi tumejaza fomu za Kiingereza miaka nenda miaka rudi, tukibembeleza wakalimani na kuwatanguliza watoto wetu kaunta. Nanyi mkitafuta mkalimani mmoja kwa barua moja, hamtapungukiwa.

Aliyeuanzisha ubishi ni mwanangu. Ana miaka 16 na anacheza mpira wa Kimarekani shuleni kwao, ule wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Nguo ya kwanza aliyonunua kwa hela yake ilikuwa jezi namba 8 ya Lamar Jackson, nyota wa mchezo huo. Siku moja mwaka 2025 aliingia saluni simu iko juu, akitangaza kwamba mmebadili sheria. Zamani kocha wa chuo alitakiwa awe ameshinda asilimia 60 ya mechi zake ndipo jina lake liruhusiwe kwenye kura ya ule ukumbi wenu wa magwiji kule Atlanta. Sasa, kuanzia 2027, zinatosha asilimia 59.5. "Baba, Mike Leach anaruhusiwa!" Leach ni kocha marehemu wa vyuo, aliyeikosa ile 60 kwa kidogo tu.

Kwenye kiti changu alikuwepo mteja wa siku nyingi, mzee wa Kimarekani ambaye sisi wote tunamwita Babu, naye ameliitikia hilo jina mpaka limekuwa lake. Ujanani Babu aliuza soda na karanga kwenye uwanja wa zamani wa Louisville, ule wa kwenye viwanja vya maonyesho vya jimbo, uliokuwa ukitumika kwa besiboli pia. Alisubiri nimalize shingo, nikapangusa poda, ndipo akauliza kwa upole, "Na Howard je?"

Kijana akachukua ile kalamu ya wino mzito ninayoandikia bei, akaandika kwenye kioo:

Leach 158–107
Howard 158–151–3

Ya kwanza ni mechi alizoshinda, ya pili alizofungwa. Hiyo 3 ya mwisho ni sare, maana zamani sare zilikuwepo kwenye mpira huu. Tukabaki tunakitazama kioo, mashine ikinguruma bure mkononi mwangu. Ushindi 158 kwa 158. Mmoja mmemfungulia mlango, mwingine bado yuko nje, na kwa hesabu yenu atabaki huko milele, kwa sababu Howard Schnellenberger alifariki Machi 2021 akiwa na miaka 87 na hana mechi tena ya kucheza. Asilimia zake ni 51 na ushei, sare ikihesabiwa nusu ya ushindi.

Mkenya wetu ndiye aliyekuwa wa kwanza kucheka. "Mtu kafungwa mara 151 mnamwita gwiji? Hata mimi nipeni timu niwafungishe mara 151."

Hapo ndipo nilipogundua kwamba lugha yetu inatuchanganya kidogo. Kwa Kiswahili kila anayeongoza benchi la ufundi ni "kocha mkuu", awe anashinda au anachapwa. Ukuu unakuja na barua ya ajira na unaondoka na barua ya kufukuzwa. Kwa hiyo tukitaka kusema mtu alikuwa mkubwa kweli, inabidi tutafute neno lingine: nguli, gwiji, na kwetu Kigoma wanasema tu "huyo mzee alikuwa mtu", wakinyamaza baada ya hapo. Nyinyi mmelitatua kwa namba. Namba ni nzuri, haina ndugu wala jirani. Shida ni kwamba inahesabu mechi bila kuuliza mtu alianzia wapi.

Acha niwaeleze na wasomaji wangu wasiomjua, maana nyinyi mnamjua kuliko mimi.

Howard alizaliwa Indiana mwaka 1934, akakulia hapa Louisville, akachezea chuo kikuu cha Kentucky. Kuanzia 1961 alikuwa kocha msaidizi Alabama chini ya Bear Bryant, na Alabama ikachukua ubingwa wa taifa mara tatu akiwa pale. Ndiye aliyetumwa Pennsylvania kumsajili kijana aitwaye Joe Namath. Mwaka 1972 alisimamia mashambulizi ya Miami Dolphins, timu ya kulipwa iliyoshinda mechi zote 17 za msimu, kuanzia mechi ya kwanza mpaka kombe. Haya yote ni ya usaidizi, na najua nyinyi mnahesabu ukocha mkuu wa vyuo peke yake. Sawa. Tuhesabu huo.

Mwaka 1979 alipewa chuo kikuu cha Miami. Leo mtoto akisikia Miami anawaza makombe. Wakati ule chuo kilikuwa kimeshafuta timu yake ya mpira wa kikapu tangu 1971, na futiboli, huo mpira wa Kimarekani, nayo ilikuwa inazungumzwa kama mgonjwa anayeongelewa mlangoni: aachwe au aongezewe dawa? Howard akaja na kiko mdomoni, masharubu, suti, na sauti nzito, akatangaza kwamba ndani ya miaka mitano watakuwa mabingwa wa taifa. Watu walicheka kwa adabu. Akachora mstari kichwani mwake kuikata Florida ya kusini, akasema vijana wote wa chini ya mstari huo ni wa "Jimbo la Miami", na hakuna chuo cha mbali kitakachoruhusiwa kuja kuwachuma kama embe za shamba lisilo na mwenyewe. Akaingia mitaa ya watu weusi ambayo makocha wengi waliipita kwa gari, vioo vimepandishwa, akakaa sebuleni na mama zao.

Mwaka wa tano, 1983, walianza msimu kwa kuchapwa na Florida 28–3. Hawakufungwa tena.

Tarehe 2 Januari 1984 wakakutana na Nebraska kwenye Orange Bowl, moja ya zile mechi za heshima za kufunga msimu. Nebraska walikuwa namba moja, wameshinda mechi 22 mfululizo, wanafunga zaidi ya pointi 50 kwa mechi. Mwanangu anayo video ya dakika za mwisho kwenye simu na ametuonyesha mara nyingi mpaka wateja wasiojua mchezo wamekariri. Miami wanaongoza 31–17 katika robo ya nne. Nebraska wanarudi. Zimebaki sekunde 48 wanavuka mstari, inakuwa 31–30. Wakipiga teke jepesi la pointi moja ni sare, na kwa msimu waliokuwa nao sare ingewatosha kabisa kubaki juu. Kocha wao, Tom Osborne, anakataa sare na kutaka pointi mbili. Kwa hilo peke yake mimi namvulia kofia. Turner Gill anakimbia kulia, anarusha kwa Jeff Smith, na hapo kijana wa Miami, Kenny Calhoun, anaingiza mkono. Video ni ya zamani, ina chenga, lakini ukiisimamisha unaona: vidole tu. Mpira unabadili mwelekeo kidogo, unapiga bega la Smith, unaanguka kwenye nyasi.

Nasema hivi ili mjue nalijua hilo: ubingwa wa Howard ulikaa kwenye vidole vya kijana mmoja. Mkenya alishalisema, na kwa sauti. Lakini jamani, na hizo asilimia zenu zimekaa kwenye nini? Mike Leach alikuwa na mechi 265. Angeshinda moja tu kati ya alizofungwa, zingekuwa 159, na 159 kwa 265 ni asilimia 60 kamili. Kijana alipiga hesabu hiyo palepale kwenye kioo. Mechi moja, pengine teke moja lililogonga mlingoti mahali fulani Lubbock, Texas, alikofundisha, mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, ndiyo iliyowafanya mkae kikao na kubadili sheria. Mlifanya vizuri. Mtu alifariki Desemba 2022 akiwa bado kazini Mississippi State, ana miaka 61, hesabu yake imekatwa katikati. Mngebaki na 60 yenu mikononi mngeonekana watu wasioona.

Ila mkishainama kwa ajili ya mtu mmoja, mmekiri kwamba namba hiyo mliiweka wenyewe na mnaweza kuisogeza. Na mkishakiri hilo, mimi nina swali la kocha Jimmy Johnson.

Naomba mlisome taratibu, maana ndilo lililonifanya nikae kuandika.

Kuanzia 1979 mpaka 1983 Howard alikuwa Miami: ushindi 41, kufungwa 16. Miaka hiyohiyo mitano, 1979 mpaka 1983, Jimmy Johnson alikuwa Oklahoma State: ushindi 29, kufungwa 25, sare 3. Hiyo ni asilimia 53.5. Kisha Howard akaondoka Miami, na Johnson akaingia kwenye nyumba ileile, taa zinawaka, chakula kiko mezani, akakaa miaka mitano: ushindi 52, kufungwa 9, na ubingwa wa taifa wa 1987. Jumla yake miaka kumi, ambayo ndiyo miaka mnayodai, na jumla ya asilimia ikapanda mpaka karibu 70. Mwaka 2012 mkamwingiza ukumbini.

Simdharau Johnson. Ukipewa nyumba nzuri unaweza pia kuibomoa, tumeona wengi, na yeye aliiongezea ghorofa. Anastahili kuwa humo. Lakini anayepita mlango wenu ni mtu ambaye kwa timu aliyokuwa nayo mwenyewe alikuwa na asilimia 53.5, na anayezuiwa ni yule aliyempokeza hiyo timu ya kumvusha. Kama Howard angekaa tu. Angevuta kiko chake, asiende popote, ashinde hata mechi chache kuliko Johnson kwa miaka mitano ile, leo angekuwa ukumbini Atlanta. Kinachomnyima nafasi ni kwamba baada ya kupata timu nzuri aliiacha, akaenda kutafuta mbovu nyingine.

Sasa hapo ndipo inapokuja kwetu, Louisville.

Aliondoka Miami kwa tamaa, tuseme ukweli. Aliahidiwa hela na umiliki kwenye ligi mpya ya kulipwa, USFL, timu ikahamie Miami, mpango ukaporomoka kabla hajaongoza hata mechi moja. Akabaki hana kazi, bingwa wa taifa anakaa nyumbani. Kwa msimu wa 1985 chuo kikuu cha Louisville kikamwita. Huku mfalme ni mpira wa kikapu. Futiboli ilikuwa mtoto wa kambo, na palikuwa na mazungumzo ya kuishusha daraja. Siku ya kwanza akawaambia waandishi kwamba timu hii na ubingwa wa taifa vimo njiani kugongana, kisichojulikana ni muda tu. Babu anasema aliisikia redioni akiwa anaosha gari, akaizima.

Msimu wa kwanza wakashinda 2, wakafungwa 9. Wa pili wakashinda 3. Wa tatu 3. Babu anasema miaka hiyo alirudi nyumbani na karanga zake, watoto wake wakazila mpaka wakazichukia. Lakini, anasema, kuna kitu alikiona kutoka kwenye ngazi zile. Mvua inanyesha, watu wamebaki labda elfu chache, timu iko nyuma kwa pointi nyingi, na yule mzee amesimama pembeni ya uwanja na koti na tai vimelowa chapa, anampangia beki mahali pa kuweka mguu. Anamshika goti, analisogeza kwa mkono. Dakika za mwisho za mechi iliyokwisha. "Nilidhani ni mwendawazimu," Babu alisema. "Wiki iliyofuata niliagiza karanga zaidi."

Mwaka 1988 walishinda 8. Mwaka 1990 walishinda 10, wakafungwa moja na kutoka sare moja. Tarehe 1 Januari 1991 wakacheza Fiesta Bowl kule Arizona, jimbo ambalo lilikuwa limetoka kukataa kwa kura sikukuu ya Martin Luther King, na timu kadhaa kubwa hazikutaka kwenda. Wapo wanaosema Louisville waliipata nafasi hiyo kwa sababu ya hiyo aibu. Ni kweli kwa sehemu, na haipendezi kuisema kwenye jiji lenye watu weusi wengi, lakini ndivyo ilivyokuwa. Waliokutana nao ni Alabama. Alabama ileile ya Bear Bryant. Robo ya kwanza iliisha 25–0, Louisville juu. Mrushaji wao, Browning Nagle, akarusha yadi 451. Mwisho 34–7. Babu akifika hapo huwa haongei, anapapasa tu mfuko wa shati kutafuta miwani ambayo iko usoni kwake.

Na msimu uliofuata? Ushindi 2, kufungwa 9. Ndiyo. Howard alikuwa anatafuta wapinzani wazito kama Tennessee, Ohio State na Florida State, kwa sababu aliamini timu haikui kwa kupiga watoto wadogo. Hapo napo asilimia yenu inamwadhibu. Kocha mjanja hupanga mechi tatu za kujishibisha mwanzoni mwa msimu, dhidi ya vyuo vinavyokuja kulipwa ili wafungwe, na anaanza na akiba. Zinahesabika sawasawa na kumpiga Alabama.

Miaka kumi aliyokaa hapa ilitoa ushindi 54, kufungwa 56, sare 2. Chini ya nusu! Ukiyasoma hayo ukiwa Texas utasema kocha wa kawaida. Njooni Louisville muone. Uwanja mpya ambao Howard aliupigania miaka yote hiyo ulifunguliwa 1998, yeye ameshaondoka. Jengo la mazoezi lililo pembeni yake lina jina lake. Lamar Jackson alipotwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 2016, alitwaa akiwa amevaa jezi ya chuo hiki, na alitokea Florida ya kusini, chini ya ule mstari wa Howard. Sisemi Howard alimsajili, wakati huo alikuwa amestaafu. Nasema tu njia kati ya mitaa ile na jiji hili kuna mtu aliyeilima.

Ubingwa wa taifa aliotuahidi haujagongana na sisi hadi leo. Mkenya ananikumbusha kila wiki.

Mabaya yake nayaweka mezani mwenyewe, msije mkasema nimeyaficha. Mwaka 1994 chuo kilipoamua kuingia ligi mpya ambayo yeye hakuitaka, alikasirika akaondoka. Akaenda Oklahoma, chuo tajiri chenye kila kitu, mahali ambapo kwa mara ya kwanza alipewa nyumba iliyojengwa. Msimu mmoja: ushindi 5, kufungwa 5, sare 1. Akajiuzulu. Alikwenda pale na majigambo mengi kabla hajamjua mtu, na wenyeji hawakusahau. Ukiniuliza, hilo ndilo doa linaloniumiza kuliko zile 151, kwa sababu linatupa jibu ambalo mashabiki wake hatulipendi: huenda huyu mzee alijua kujenga na hakujua kurithi. Mwanangu analitumia hilo dhidi yangu kila mara. "Baba, kocha mkubwa angeweza vyote viwili."

Huenda. Lakini angalieni alichofanya baada ya aibu hiyo, umri unapita 60. Mwaka 1998 akaenda Boca Raton, chuo cha Florida Atlantic, ambako timu ya futiboli haikuwepo kabisa. Hapakuwa na mchezaji, kofia, wala uwanja. Akazunguka kutafuta wafadhili kabla ya kutafuta wachezaji. Mechi yao ya kwanza, 2001, walichapwa na Slippery Rock, jina ambalo wateja wangu waliliona kichekesho hata kabla sijalitafsiri. Miaka sita baadaye wakachukua ubingwa wa ligi yao ya Sun Belt na kushinda New Orleans Bowl, na mwaka uliofuata wakashinda Motor City Bowl. Kwa ujumla Howard alicheza boli sita kama kocha mkuu, zile mechi za heshima za kufunga msimu, akiwa na vyuo vitatu tofauti, na alishinda zote sita.

Akakawia kustaafu. Angeondoka baada ya ile boli ya 2008 angekuwa na ushindi 148 kwa kufungwa 125, hali ingekuwa nafuu kidogo. Alibaki misimu mitatu, akashinda 10 na kufungwa 26, kwa sababu alitaka kuuona uwanja wa chuo ukifunguliwa. Ulifunguliwa Oktoba 2011, yeye ana miaka 77, na siku hiyohiyo walifungwa. Msimu ukaisha na ushindi mmoja. Mechi hizo 26 zimo kwenye hesabu yenu kwa uzito uleule wa nyingine. Sasa nyasi za uwanja huo zinaitwa kwa jina lake.

Turudi kwa Leach, maana kijana atasoma barua hii na sitaki aseme nimemwonea. Hoja yake ni nzito. Anasema mchezo wa Leach, ule wa kurusha mpira kila wakati na kuutawanya uwanja mzima, ambao alianza kuutengeneza na Hal Mumme kwenye vyuo vidogo kabla ya kuja nao hapa Kentucky mwaka 1997, ndio wanaocheza wao kila Ijumaa usiku. Kocha wao wa shule hajawahi kumwona Leach ana kwa ana, lakini anachora michoro yake. Leach hakuwahi kuchukua hata ubingwa wa ligi, na bado kila mahali wanacheza kitu chake. Kama huo si ukubwa, ni nini? Sina jibu la kumpinga, na sitafuti. Ila Leach naye alikuwa anafundisha Lubbock na Pullman, mahali pagumu, mbali na kila kitu, na nyinyi mlitambua kwamba asilimia pungufu za mtu wa mahali pagumu si sawa na asilimia pungufu za mtu aliyelala kazini. Tambueni hivyohivyo mara ya pili.

Najua mtakachosema, maana Mkenya ameshakisema kwa niaba yenu: mkimfungulia wa asilimia 51, kesho kila kocha wa asilimia 51 atapiga hodi. Sidai mshushe namba mpaka 51. Acheni 59.5 yenu pale ilipo, iwe mlango wa mbele. Ninachoomba ni mlango wa uani, wenye kitasa kigumu: kocha ambaye hakufikisha asilimia, lakini alitwaa ubingwa wa taifa, au aliinua timu iliyokuwa inakaribia kufutwa, au aliianzisha pasipo kitu, basi kamati ya wazee wa mchezo iruhusiwe kuliweka jina lake kwenye kura. Wahesabuni mtaona ni wangapi wataingia humo. Mwenye sifa zote tatu kwa pamoja mimi namjua mmoja.

Na kuwekwa kwenye kura si kuchaguliwa. Wapiga kura wenu wanaweza kuisoma ile Oklahoma, wakaisoma ile 151, wakasema hapana. Tutanuna, tutaendelea kunyoa. Lakini itakuwa hapana ya watu waliomtazama mtu, siyo ya kikokotoo.

Kioo bado kina yale maandishi. Wino ule hautoki kwa maji, na nikiutia spiriti naogopa kufuta na bei. Wateja wapya huuliza kama 158–107 ni bei ya nywele na ndevu. Babu naye amechukua kalamu, akaongeza kwa chini, kwa mwandiko wa kutetemeka: 6–0.

Mkitujibu, jibuni hata kwa Kiingereza. Kijana atatusomea.

Wasalaam,
Kinyozi, Louisville, Kentucky